Tamthilia za vichekesho za maandishi makubwa: nimemnunulia Mzee mbili, moja safi, nyingine imeniuma

Baba yangu alifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi sana, sasa yupo nyumbani Cheyo hapa Tabora, jicho moja lilishatolewa mtoto wa jicho na la pili lina presha ya macho. Miwani anayo lakini vitabu vyake vya zamani havisomeki tena, anashika kitabu anakisogeza mpaka karibu na pua alafu anakirudisha mezani kimya kimya. Kwa mtu aliyekuwa anasoma mchezo wa kuigiza kwa sauti mpaka darasa la jirani linanyamaza kusikiliza, hiyo ilikuwa inaniumiza kweli.

Basi nkaagiza vitabu viwili vya maandishi makubwa kwa muuzaji wa mtandaoni, The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde na The School for Scandal ya Sheridan, vyote komedi za zamani za jukwaani, ya Wilde ya 1895 na ya Sheridan ya 1777. Viwili pamoja na kusafirisha mpaka Dar vikanitoka 142,000, alafu vikapanda basi, nikaenda kuchukua mzigo stendi mwenyewe maana sikutaka boda avidondoshe.

Naanza na ya Wilde maana ndo Mzee alikuwa anaililia.

Herufi zenyewe hazina shida. Vitabu vya kawaida vinachapwa pointi 10 mpaka 12 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), hivi vya maandishi makubwa vinatakiwa vianzie 16 na wengi wanapenda 18, na hiki ni 18 kweli, nimeweka rula herufi kubwa inafika milimita 4 na ushee. Mzee alifungua ukurasa wa kwanza akasoma bila kukisogeza, akanyanyua macho akaniangalia. Hapo nikajua hela yangu haijapotea.

Sasa shida. Mchezo wa kuigiza sio riwaya, nusu ya kichekesho ipo kwenye yale maelekezo ya nani anafanya nini, na waliochapa hiki kitabu wamekuza maneno ya wahusika tu, maelekezo wameyaacha kwenye mabano kwa herufi zilizolala upande, nyembamba, na za kijivu kabisa yaani! Mtu mwenye macho dhaifu herufi za kulala ndo adui yake namba moja, zinaungana zinakuwa kama uzi. Chukua sehemu ya kwanza, Algernon ameandaliwa sandwichi za matango kwa ajili ya shangazi yake, anamkataza rafiki yake Jack asiziguse, huku yeye mwenyewe anakula moja baada ya nyingine mpaka sahani inaisha, shangazi anafika anaziulizia, na mtumishi anamkingia bosi wake kifua bila hata kupepesa macho, anasema sokoni leo hakukuwa na matango. Mle ndani kula kwenyewe kupo kwenye mabano, na Mzee hakuyaona. Akafika kwenye jibu la mtumishi akasimama, akarudi nyuma kurasa tatu kutafuta, na akishatafuta hivo kicheko kimeshapoa. Hivohivo kwenye ugomvi wa Jack na Algernon wa kunyang'anyana mafini, vile vimkate vya chai, pale kunyang'anyana ndo kila kitu.

Jingine ni majina ya wahusika, yamekatwa kuwa herufi tatu nne na yamebanana na maneno kwenye mstari uleule, hujui Jack kaishia wapi Algernon kaanzia wapi. Na karatasi inaonyesha maandishi ya upande wa pili, kwenye mwanga wa taa inakuwa kama ukungu.

Kwanini inatokea hivi, ni kwasababu Wilde alifariki 1900, kazi zake hazina tena mwenyewe kisheria, mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua akazichapa, kwahiyo kuna wachapaji wanaomwaga maandishi kwenye kompyuta, wanapandisha saizi ya fonti, wanaweka kava zuri wanauza. Hakuna aliyekaa akafikiria kwamba atakayesoma ni mzee mwenye presha ya macho. Hilo ndo limeniuma kuliko hela.

Ya Sheridan ni ya mchapaji mwingine na aisee ni mbingu na ardhi. Jina la anayeongea lipo mstari wake peke yake limekolezwa wino, zima bila kukatwa, maelekezo yamesimama wima saizi ileile ya maneno, karatasi ni ya rangi ya maziwa haing'ai. Ile sehemu Lady Teazle amejificha nyuma ya pazia la kusimama, alafu pazia linaangushwa na mumewe yupo hapohapo, Mzee aliisoma barazani Jumapili jioni kwa sauti tatu tofauti, wanangu wakamwambia babu rudia, akarudia. Sijasikia sauti ile tangu nikiwa kidato cha pili. Kasoro yake ni uzito, kizito kweli, tunakiwekea mto mapajani, na mgongo umegundishwa tu haujashonwa kwahiyo ukikifungua sana unasikia unapasuka.

Ninachokitamani zaidi sijakipata. Mzee ana Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 ya The Merchant of Venice, nakala imechakaa herufi ndogo kama chawa. Mwalimu alisoma hapahapa Tabora Boys akaja kufundisha shule ya St. Mary's, komedi ya Shakespeare kwa Kiswahili chake watu wa Tabora tungeisoma kwa raha gani! Nimeulizia maduka ya vitabu mjini, ya maandishi makubwa hakuna. Na hiyo siyo kama ya Wilde, bado ina wenyewe, lazima mwenye haki aamue kuichapa. Ningelipa hata 100,000 bila kuuliza mara mbili.

Kwa anayetaka kumnunulia mzazi, ya Sheridan nunua. Ya Wilde tafuta chapa nyingine, mchezo wenyewe ni mtamu mno kuuacha. Mimi hii niliyonayo nimechukua kalamu nene nyeusi naandika upya maelekezo pembeni kwa mkono, nimefika sehemu ya pili. Mzee ameshaomba Twelfth Night, komedi nyingine ya Shakespeare, na safari hii nimemwambia muuzaji anipigie kwanza picha ukurasa wa katikati, wenye mabano, ndo nitume hela.