Uzoefu wangu: IST iliyokosa sailensa (muungurumo wa injini bila kukanyaga mafuta), na fundi wa Nzuguni anayepima kabla ya kubadili spea

Gari ni Toyota IST ya toleo la kwanza, injini ya 1NZ. Natoka nayo Ilazo kwenda kazini Mtumba, hapa Dodoma, na mara mojamoja inanifikisha Kondoa kwa wazazi. Ikitembea haikuwa na neno. Ikisimama kwenye mataa, gia ikiwa D na AC imewashwa, ilitetemeka hadi usukani unacheza mkononi. Mshale wa mzunguko wa injini unashuka chini ya 500 kwa dakika, unapanda, unashuka tena, na siku nyingine gari linazima kwenye foleni huku walio nyuma wanakupigia honi. Taa ya cheki injini ilikuwa inawaka muda wote.

Gereji moja ya mjini, jina naliacha, walisikiliza mlio wakasema plagi. Plagi zikabadilishwa, mtetemo ukabaki palepale. Wakasema basi ni koili, zile zinazozipa plagi umeme, na zikishindikana koili tuoshe nozeli zinazopulizia mafuta. Koili za injini hii ziko nne, na mpya si kitu cha kununua kwa kubahatisha. Nikawashukuru, nikaondoka. Mwenzangu ofisini akanielekeza kwa fundi wa Nzuguni, kando ya barabara ya Dar, jirani na viwanja vya Nanenane.

Huyu alianza na maswali hata boneti halijafunguliwa. Linatetemeka likiwa la baridi au likishapata moto? Ukiweka N linatulia? AC ukizima je? Kuna harufu ya mafuta kwenye ekzosi? Ndipo akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikatoka namba ya kosa P0171, maana yake hewa inayoingia imezidi mafuta. Mafundi wengi wakishaisoma hiyo wanaifuta na kukuandikia orodha ya spea. Yeye hakuifuta, akafungua ukurasa mwingine na kunigeuzia skrini.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya hela yangu. Kompyuta ya injini ikihisi hewa imezidi, huongeza mafuta ili kusawazisha, na kiasi inachoongeza kinaonekana kwa asilimia. Gari lisilo na tatizo hucheza karibu na sifuri. Langu, likiwa sailensa, lilisoma 24. Akaniambia, "Dada, kanyaga taratibu mpaka 2,500, shikilia hapo." Namba ikashuka hadi 6.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Kama kuna mpira umepasuka baada ya sensa inayopima hewa, injini inavuta hewa ya wizi ambayo kompyuta haijaihesabu. Kwenye sailensa injini inahitaji hewa kidogo sana, kwa hiyo ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga, hewa halali inaingia nyingi na ile ya wizi inamezwa. Kama tatizo lingekuwa pampu ya mafuta kuchoka au sensa yenyewe kuchafuka, kwa kawaida namba ingepanda kadiri unavyokanyaga. Ya kwangu ilikuwa inashuka.

Hata hivyo hakurukia mpira moja kwa moja. Alichomoa soketi ya nozeli moja, akasikiliza injini inavyolegea, akairudisha, akaenda inayofuata. Zote nne zililegeza injini kwa kiasi kilekile, yaani hakuna pistoni iliyokuwa inamisi (kukosa kuwasha mafuta) peke yake. Biashara ya koili ikaishia hapo.

Kisha akachukua kopo la kabu klina, dawa ya kusafishia kabureta, na kupuliza kidogokidogo kwenye maungio ya mipira huku injini inaunguruma. Hapa sikupenda. Dawa ile inashika moto haraka, injini ilikuwa ya moto, na sikuona kifaa cha kuzimia moto jirani. Nilikwenda kuutoa mtungi wangu chini ya kiti, akacheka, lakini aliuweka karibu. Alipofika kwenye mpira wa PCV, ule unaovuta mvuke wa oili kutoka juu ya injini kuupeleka kwenye manifoldi ya hewa, mlio ulipanda ghafla. Akauchomoa na kuukunja mbele yangu: mkavu, mgumu, na umepasuka upande wa chini, ambako ukiwa umefungwa huwezi kuuona hata uinamishe shingo vipi.

Tulifunga mpira mpya pamoja na vali yake. Akasafisha na throto, mlango wa hewa ya injini, iliyokuwa na utando mweusi, akanionyesha vumbi lililojaa kwenye eya klina. Kwa vumbi letu la kiangazi, alisema, usisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Mwisho akachomeka mashine tena: mshale umetulia kwenye 700, na ile 24 imekuwa 3.

Nimelipa kupima Sh 20,000, mpira na vali Sh 35,000, kusafisha throto Sh 15,000 na ufundi Sh 25,000. Jumla Sh 95,000. Anayeona 20,000 ni nyingi kwa kuchomeka waya tu, ajumlishe kwanza plagi nilizobadilishiwa bure bilashi.

Mtetemo mdogo bado upo nikiwa D na AC ikiwa juu, ingawa mshale hautikisiki. Hili alinieleza kabla sijaondoka: mauntini ya injini (mpira unaoishikilia) upande wa kulia imelala, na hiyo haihusiani na hewa wala mafuta. Hakunilazimisha kuinunua, nami nimeiacha hadi mwisho wa mwezi.

Kasoro zake anazo. Ukiambiwa saa tatu, ujue ni saa tano. Pa kukaa hakuna, ni benchi moja chini ya mti na malori yanakupulizia vumbi. Risiti ya EFD sikupewa, nilipata karatasi ya mkono, jambo ambalo kwa gari la ofisi lisingekubalika. Na kama una haraka, huyu atakukera, maana kupima kwake kumechukua muda mrefu kuliko kufunga spea.

Ukiamua kwenda, lifikishe gari asubuhi na uliache lipoe, aliwashe mwenyewe injini ikiwa ya baridi. Na usikubali mtu yeyote afute taa ya cheki injini njiani, kwa sababu kompyuta huhifadhi hali ya injini ilivyokuwa kosa lilipotokea, na ikifutwa, rekodi hiyo nayo inaondoka.