"Litajikata lenyewe, bosi"

Nililipia kufungiwa rimu, nikafungiwa mtego. Nayasema haya hasira ikiwa bado mbichi, kwa hiyo anayetafuta maoni ya kistaarabu apite tu.

Pikapu yangu ilishushwa kitambo ikae karibu na ardhi, mbele na nyuma, na haikuwahi kunisumbua. Nilichotaka ni rimu za chuma za inchi 20, nyeusi, zisizo na mbwembwe, na tairi za ubavu mfupi, 245/35, yaani upana milimita 245 na ubavu asilimia 35 ya upana huo. Wengi hunishangaa kwa nini chuma na si aloi. Chuma ni kizito, sikatai, na uzito huo unausikia kwenye usukani. Lakini rimu ya chuma ikigonga shimo hupinda, na kilichopinda mara nyingi hunyooshwa. Aloi inaweza kupasuka, na hapo kwaheri. Kwa ubavu wa milimita 86 hivi, shimo utaligonga tu, leo au kesho.

Na zilipofungwa, jamani, gari lilipendeza! Lilikaa chini, tairi limejaa kwenye madigadi, nikalizunguka kama mtu aliyenunua jipya. Siku ile ungeniuliza, ningewasifu mafundi wa gereji ile mpaka unichoke.

Kona ya kwanza kali nikasikia krrrr. Nikarudi papo hapo. Fundi mkuu hakuinuka hata kwenye kiti. Akachungulia akiwa amekaa pale pale, simu mkononi: "Hilo litajikata lenyewe, bosi. Likishajitengenezea nafasi linatulia."

Litajikata lenyewe! Tairi jipya lijinoe kwenye bati mpaka lienee! Nikamwambia na usukani unatetema nikikaribia kilomita 80 kwa saa. Akasema ni balansi, itakaa sawa. Kwake kila kitu kinajirekebisha chenyewe, sasa sijui yeye analipwa kwa kazi gani.

Baadaye nikampelekea fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi. Akafungua gurudumu la mbele, akatazama, akaniita. "Mdogo wangu, hii spesa nani kakuwekea?" Spesa gani? Sikuwa nimeambiwa habari ya spesa. Kumbe ofseti ya zile rimu, yaani kiasi rimu inavyokaa ndani au nje, haikuendana na gari, ukingo wa ndani ukawa unagusa mkono wa juu wa sasipensheni. Badala ya kuniambia rimu hazifai, wale jamaa wakapachika hiyo spesa, kisahani cha alumini kati ya rimu na habu, kitovu cha gurudumu, gurudumu likasogea nje. Likiwa nje, gari likididimia kidogo tu bega la tairi linakutana na madigadi, maana gari lililoshushwa halina nafasi ya kuchezea. Hiyo ndiyo ile krrrr. Kisahani chenyewe hakikuwa na mdomo wa kuishika rimu katikati ya habu. Rimu ilining'inia kwenye nati peke yake, na mtetemo ukaanzia hapo. Balansi ilisingiziwa.

Kilichonitoa jasho ni nati. Kisahani kimekula urefu wa studi, zile bolti zinazoshikwa na nati. Kwa studi ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5, nati inatakiwa izunguke kama mara 6 hadi 8 ndipo ishike ipasavyo. Zangu hazikufika mizunguko mitano. Mzee alizifungua, akaziweka kiganjani mwangu, hakusema kitu.

Halafu kuna mzigo. Hakuna aliyeniuliza kama nabeba mzigo. Pikapu, ndugu zangu! Tairi walizonipa zina namba ya mzigo 95, yaani kilo 690 kila moja, kwa hiyo ekseli ya nyuma isizidi 1,380, uzito wa gari lenyewe ukiwemo ndani. Labda walidhani ni gari la kupigia picha.

Sasa msije mkanielewa vibaya, rimu kubwa na tairi fupi kwenye pikapu iliyoshushwa nazipenda bado. Za zamani zimerudi kwenye gari kwa muda tu, nazo zinanikera kuzitazama. Nikipata za chuma zenye ofseti inayofaa na tairi zenye namba ya mzigo ya kweli, nitafunga tena. Ila nati ya kwanza itafungwa kwa mkono, mbele ya macho yangu, ndipo mashine ya upepo iguse. Na baada ya kilomita 50 hivi nitazikaza upya kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kama inavyotakiwa kwa rimu yoyote iliyotoka kufungwa. Hilo nalo hawakunitajia.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Nikazikumbuka zile nati, nikaiondoa. Lakini kijana aliyevalisha tairi kwenye rimu alifanya kazi safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja kwenye rangi nyeusi, na ubavu mfupi ulivyo mgumu kuvalisha, si kazi ndogo. Basi nairudisha. Nyota moja, na ni ya kijana. Yule wa kwenye kiti asiiguse.