Pizza ya Shughuli Mtwara: Jibini Tatu Mezani, Pweza wa Bamvua na Moto wa Juu

Habari za saa hizi watazamaji, mlioko Mtwara, Lindi na kwingineko. Mezani leo kuna pakiti tatu za jibini, trei mbili, unga wa ngano, hamira, pweza aliyekwisha kuchemshwa, kamba, korosho vipande, na pale pembeni sufuria kubwa iko juu ya jiko la mkaa. Una shughuli ya watu 30, iwe Idi, Krismasi au mwali anatolewa: pesa uiweke wapi ili pizza isitoke tepetepe? Jibu nalitoa mapema. Iweke kwenye jibini. Vingine vinapatikana hapahapa, na ukivikausha vizuri havina mpinzani. Nasema kukausha kwa sababu kinachoharibu pizza nyingi za nyumbani ni maji: maji ya nyanya, maji ya kamba, maji ya nanasi.

Tufungue pakiti. Hii ya kwanza ni mozzarella ya bonge, kavu, kilo moja. Ona, naibonyeza kwa kidole na haitoi maji. Msiichanganye na ile laini inayoelea kwenye maji yake ndani ya mfuko. Ile kwa moto wetu wa mkaa inageuza unga kuwa uji. Ya pili ni mozzarella iliyokwisha kukwaruzwa. Geuza pakiti usome nyuma, mara nyingi utakuta wanga au selulosi. Vinawekwa ili nyuzi zisigandane, na kazi hiyo vinaifanya, ila jibini inachelewa kuyeyuka na haivutiki vizuri. Ya tatu ndiyo yenye bei ya kuchekesha. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya pizza, nyuma kwa herufi za sisimizi: mafuta ya mawese, wanga, ladha. Ikiwa ya moto inakudanganya. Ikipoa dakika kumi inakaza kama plastiki, na kwenye shughuli nani anakula pizza ikitoka tu jikoni?

Alama zangu: bonge 9 kwa 10, iliyokwaruzwa 6, na hiyo ya tatu muachie muuzaji. Zile karatasi za jibini za kuweka kwenye mkate nazo si za kazi hii. Zina chumvi maalumu zinazoshikilia mafuta, kwa hiyo zinakuwa rojo lakini hazivutiki. Cheddar ina ladha kali na rangi nzuri, ila ikiwa peke yake inatoa mafuta mpaka yanatengeneza vidimbwi. Changanya: gramu 80 za mozzarella na gramu 30 za cheddar kwa pizza ya sentimita 30. Pizza tisa zinakula karibu kilo moja ya jibini, basi. Ukizidisha hapo, ya katikati inateleza yote kwenye tonge la kwanza.

Kukwaruza bonge kwenye joto la kaskazi ni mtihani, linanata. Liweke friza dakika 20 kwanza, kisha tumia kile cha kukwaruzia karoti, upande wa matundu makubwa. Kama jibini inatoka Dar kwa basi, dai ije kwenye boksi lenye barafu, na ikifika imelegea na inatoa maji, irudishe.

Unga. Kwa pizza tisa: ngano kilo moja na nusu, maji mililita 975, chumvi gramu 30, hamira kavu ya chengachenga gramu 9, yaani vijiko vitatu vya chai, na mafuta mililita 60. Anza na maji mililita 900, zinazobaki ongeza kidogokidogo, maana ngano nyeupe ya maandazi hainywi maji sawa na ile ya mkate. Maji yawe ya baridi, ya friji kabisa. Mapishi mengi yanasema maji ya uvuguvugu; hayo yameandikwa kwa nchi za baridi. Desemba Mtwara, ukitumia maji ya uvuguvugu, hamira inakimbia, unga unaumuka kabla hujamaliza kukata vitunguu, unanuka pombe na ukiuvuta unachanika. Kanda dakika kumi, funika saa moja, gawa madonge tisa ya gramu 285 hivi, pumzisha nusu saa nyingine. Donge likirudi kama mpira unapolisukuma, halijapumzika. Liache, usipigane nalo.

Nyanya za sokoni ni tamu lakini zina maji. Zisage, zipike bila kufunika mpaka zipungue nusu, weka chumvi na kitunguu saumu. Za pakiti, ile ndogo ya gramu 70, ongeza maji mililita 100, inatosha pizza mbili. Pakaa nyembamba, unga uonekane kwa chini.

Sasa vitoweo, na hapa Kusini tunajivunia. Pweza mnunue wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na miamba inabaki wazi. Maji mafu anakuwa adimu na bei inapanda. Mkipata mapema, mgandisheni, kwani barafu inalainisha nyama yake. Chemsha bila chumvi dakika 45 hadi saa moja, mpaka kisu kiingie mguuni bila kulazimisha. Kilo moja mbichi itabaki karibu nusu, msishangae mkadhani mmepunjwa pale soko la samaki la Feri. Mwache apoe, kata vipande vyembamba kama shilingi, futa kwa kitambaa, paka mafuta na ndimu kidogo. Gramu 60 kwa pizza. Mweke chini ya jibini. Akikaa juu moto wa mkaa unamrudisha kuwa raba.

Kamba ni kinyume chake, huiva upesi. Wamenye, nyunyiza chumvi, waache kwenye chujio dakika 15, kisha kikaangoni dakika moja tu. Wapange juu pizza ikiwa imebakiza dakika nne. Kuku awe ameshaiva na amechambuliwa. Soseji kaanga kwanza, na kama ni Idi soma pakiti hadi mwisho, nyingine zina nguruwe.

Korosho: nunua vipande, si nzima. Utazikatakata hivyohivyo, kwa nini ulipie sura? Tumia zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa, uzinyunyize dakika tatu za mwisho. Ukiziweka mwanzo zinaungua na kuwa chungu. Kwa ladha yangu, pweza, kitunguu, pilipili hoho na korosho ndiyo pizza ya Mtwara, na mtu akiomba kuongeza soseji humo nitamtazama tu. Nanasi? Wanaobishana wabishane, pizza ya nanasi inayoitwa ya Hawaii ilibuniwa mwaka 1962 huko Kanada na Mgiriki Sam Panopoulos, tena kwa nanasi la kopo. La kwetu ni la maji zaidi. Kata nyembamba, likaushe kikaangoni pande zote mbili, la sivyo liache kwenye sahani ya matunda.

Tuje kwenye moto. Napoli pizza inaiva kwa sekunde 60 hadi 90, tanuri ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 400. Sufuria yetu haifiki huko, usijilaumu. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, jirani kabisa, lakini jikoni kwa wengi bado ni mkaa. Kwa hiyo tunatumia utaratibu wa keki: mchanga mkavu sentimita mbili chini ya sufuria, vijiwe vitatu juu yake, trei juu ya vijiwe, mfuniko bapa, makaa juu ya mfuniko. Wengi wanakosea mgawo. Theluthi moja ya makaa iwe chini, theluthi mbili juu. Ukigeuza, chini inakuwa mkaa na jibini juu bado ina usingizi. Pasha sufuria dakika 15 kabla ya kuingiza chochote.

Trei nazo zimepishana. Hii ya alumini inayong'aa ni nyepesi na rahisi, lakini inarudisha joto, chini panabaki peupe. Hii nyeusi ya chuma inapaka rangi ya kahawia vizuri. Kasoro yake ni kutu, hasa huku pwani. Ioshe, ikaushe motoni, ipake mafuta. Mimi nachukua nyeusi. Yenye matundu ni nzuri kwa oveni ya umeme, kwa mkaa haina faida kubwa.

Siku ya shughuli usioke kila kitu jioni. Asubuhi sukuma madonge yote, pakaa nyanya kiasi kidogo sana, oka dakika tano mpaka unga ukauke bila kupata rangi. Yapoze juu ya waya, ndipo uyapange. Ukiyapanga ya moto yanatoa jasho na kugandana. Wageni wakianza kukaa, weka jibini na vitoweo, dakika saba au nane zinatosha. Pizza tisa, vipande vinane kila moja, ni 72. Kama kuna pilau, hesabu vipande viwili kwa mtu, vinavyozidi ni vya watoto, nao watavimaliza.

Ikishakatwa usiifungie ndani ya boksi au hotipoti, mvuke unarudi kwenye unga. Funika kwa kawa, ipumue. Yenye kamba au pweza isikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto la nyuzi 32 kwenda juu, saa moja. Iliyobaki kesho yake: kikaango kikavu, moto mdogo, mfuniko juu, dakika nne. Chini inakauka tena na jibini inalegea.