Feed the Monster ya Kiswahili: uzoefu wangu na darasa la pili

Nafundisha darasa la pili, na imla ndiyo inayonionesha nani amekariri na nani anazisikia sauti. Mtoto anasoma "ng'ombe" ubaoni vizuri kabisa. Mtamkie aandike, unapata "ngombe". "Dhahabu" inakuwa "zahabu", "thelathini" inageuka "selasini". Kwa tatizo hilo, mchezo wa Feed the Monster umenisaidia kuliko mwingine wowote niliowahi kuweka kwenye simu.

Zimwi linataka kula. Mtoto anasikia sauti, anatafuta herufi yake na kuiburuta hadi mdomoni mwa zimwi. Akisonga mbele anakutana na silabi, kisha maneno, na zimwi nalo linakua. Mwanzoni mchezo huu ulitengenezwa kwa Kiarabu, kwa ajili ya watoto wa Syria waliokoseshwa shule na vita, na mwaka 2017 ukawa mmoja wa washindi wawili wa shindano la EduApp4Syria lililoendeshwa na Norway. Baadaye shirika la Curious Learning likauweka katika lugha nyingine nyingi, Kiswahili kikiwemo. Ni wa bure, na ukishaupakua unachezwa bila bando. Kwa shule zetu hilo ni jambo kubwa.

Nguvu yake iko kwenye sauti. Mtoto aliyezoea kuimba "ba be bi bo bu" pamoja na darasa zima, hapa analazimika kusikiliza mwenyewe na kuamua.

Ila kuchagua herufi iliyo mbele ya macho bado si kuandika. Ndiyo maana siwaachii simu wacheze tu. Nawaweka katika vikundi vidogo: mmoja anashika simu, sauti ikitoka wenzake wanaandika kwenye madaftari kabla hajagusa kioo. Hapo mabishano yanaanza, "Ni l hiyo!" "Hapana, ni r!", na mimi nawaacha wabishane, kwa sababu kila mmoja anarudia kuitamka ile sauti ili kuthibitisha. Nikishaikusanya simu, natoa imla fupi ya sauti zilezile. Walimu wenzangu, tafuteni spika ndogo. Darasani sauti ya simu haiwafikii wa nyuma, na r na l zikisikika nusunusu mnapoteza muda.

Wazazi, nyumbani kaeni na mtoto, mwambieni aandike kila neno analolilisha zimwi.

Kwa darasa la nne na kuendelea sishauri. Wale wanaokwama kwenye "wananyweshwa" na "aliyekunywa" wanahitaji vitabu vya hadithi na imla ya kila wiki.