Miaka Mitatu na DaVinci Resolve Kwenye Video za Harusi: Uzoefu Wangu

Nahariri video za harusi na sendofu hapa Mwanza tangu 2014. Miaka minane ya mwanzo nilitumia programu moja ya kulipia kila mwezi, na jina lake naliacha, kwa sababu kwenye kazi yenyewe haikuwahi kuniangusha. Kilichonitoa humo ni Ijumaa moja ya 2022. Malipo ya mwezi yalitakiwa kukatwa kwenye kadi, kadi ikakataliwa, benki wakaniambia nirudi Jumatatu. Programu ikajifunga. Ndani yake kulikuwa na kipande cha sendofu ambacho kamati ilitaka kionyeshwe kwenye skrini ya ukumbi Jumamosi, kazi ya siku nne, imebaki kurenda tu, yaani kuitoa kama video iliyokamilika. Video ziko kwenye diski yangu, kompyuta ni yangu, umeme nimelipa, lakini taimulaini, ule mstari ambako vipande vya video vimepangwa, siwezi hata kuitazama. Nilimwita kijana mmoja wa Nyakato, akaja na laptop yake, tukakesha. Kipande kilifika ukumbini wageni wameshaanza kukaa.

Wiki iliyofuata nilinunua bando la usiku nikapakua DaVinci Resolve, toleo la bure. Faili la kusakinisha ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo usijaribu mchana kwa bando la kawaida.

Kwa asiyeijua: Resolve inatengenezwa na Blackmagic Design, kampuni ya Australia. Haikuanza kama programu ya kuhariri. Ilikuwa mtambo wa kusawazisha rangi za filamu na matangazo, mtambo wa mamia ya maelfu ya dola uliokaa kwenye vyumba maalumu na mtu wake maalumu. Blackmagic waliinunua kampuni ya da Vinci Systems ya Marekani mwaka 2009, mwaka uliofuata wakaitoa kama programu ya dola 995, kisha 2011 likaja toleo la bure. Sauti ya Fairlight iliingia humo 2017, na Fusion, ile sehemu ya michoro na maandishi yanayotembea, ikaingia 2018. Nimeisimulia historia hii kwa sababu ukifungua programu utaiona kwa macho: chini kuna kurasa, moja ya kukata, moja ya rangi, moja ya sauti, na kila ukurasa una tabia zake, kama nyumba iliyoongezwa vyumba na mafundi tofauti. Mwezi wa kwanza nilipotea humo. Ukurasa wa Fusion hadi leo naingia pale tu ninapolazimika.

Nilivyovishukuru zaidi katika mwezi huo ni vitabu. Kwenye tovuti ya Blackmagic kuna vitabu vya mafunzo vya PDF, bure kabisa, pamoja na video za mazoezi ili ufanye kile unachokisoma, na mtihani wa mtandaoni ambao ukifaulu unapata cheti. Mimi nilizoea kujifunza kwa video fupi za watu: huyu anakufundisha rangi ya sinema, yule anakufundisha maandishi ya dhahabu, na mwisho wa siku una ujanja ishirini ambao hujui umesimama juu ya nini. Kitabu kilinianzisha kwenye kupanga klipu kwenye mabini, yaani mafolda ya ndani ya programu, kuweka kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kabla ya kitu kingine chochote, na kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video za kuhariria. Kasi ya fremu ya mradi haibadiliki ukishaweka klipu kwenye taimulaini, jambo ambalo hakuna video fupi iliyowahi kuniambia. Shida ni lugha. Kiswahili hakimo, si kwenye vitabu wala kwenye menyu, na hili linaniuma, kwa sababu vijana wawili ninaowafundisha ofisini wana jicho zuri kuliko langu lakini Kiingereza cha kitabu kinawachosha. Tunasoma pamoja, mimi natafsiri, wao wanabonyeza.

Sasa rangi. Kama wewe unapiga harusi za kumbi zetu, sababu ya kuja huku ni hii. Ukumbi umefungwa taa za LED za zambarau na bluu, steji ina taa nyeupe ya kamera, dirishani jua la saa kumi na mbili linaingia, na katikati ya hayo yote mama wa bibi harusi anacheza na gauni la dhahabu. Zamani nilikuwa navuta rangi ya picha nzima mpaka uso wake ukae sawa, na gauni linageuka kijani. Kwenye Resolve rangi inajengwa kwa nodi, kijisanduku kimoja kwa kazi moja. Ya kwanza nasawazisha mwanga wa picha nzima. Ya pili nachora duara kwenye uso wa mama, naliambia limfuate, nalo linamfuata anapogeuka na kuinama. Ndani ya duara napunguza zambarau peke yake. Ya tatu ni ya gauni. Nikikosea kwenye moja naizima ile moja.

Kuna kipimo kinaitwa vektaskopu, kinachoonyesha rangi zilizomo kwenye picha, na juu yake unaweza kuwasha mstari wa rangi ya ngozi. Mtu mweusi tii na mtu maji ya kunde wote huangukia karibu na mstari huohuo mmoja, kwa sababu chini ya ngozi zote kuna damu. Tofauti yao ni mwanga na uzito wa rangi. Kabla ya kuujua mstari huu nilikuwa nawaongezea watu weusi mwanga nikidhani ndiyo kuwapendezesha, wanatoka na nyuso za kijivu. Sasa nauacha uso ubaki mweusi kama ulivyo, natafuta mstari, na weusi wenyewe unang'aa. Wateja hawajui nodi ni nini, lakini mama mmoja wa Igoma aliniambia hiyo ndiyo video ya kwanza aliyojiona ni yeye. Tahadhari moja tu: taa ya bluu tupu haina wekundu wowote ndani yake, na programu haiwezi kurudisha rangi ambayo kamera haikuipokea. Hapo muombe fundi wa taa mapema, kabla maharusi hawajaingia.

Kwenye sauti nitasema kidogo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na waya mbovu za spika huleta mvumo wa namba hiyohiyo chini ya maneno ya MC. Ndani ya Fairlight kuna kifaa cha kuondoa mvumo, unachagua 50, umekwisha.

Toleo la bure linatosha kuanzia, na halina nembo juu ya video yako. Nilifanya nalo kazi za pesa miezi sita. Linakupa hadi picha ya 3840 kwa 2160. Kilichonifanya ninunue Studio, toleo la kulipia, ni chenga, zile punje punje kwenye picha ya gizani: harusi za usiku, kamera imepandishwa wepesi wa kupokea mwanga mpaka ISO 12800, na kifaa cha kupunguza chenga kipo kwenye Studio tu. Nililipa dola 295 mwanzoni mwa 2023, karibu laki saba za wakati ule. Ni pesa, sitaki kumdanganya mtu. Lakini nililipa mara moja, leseni inawashwa kwenye kompyuta mbili, na tangu siku hiyo nimepata matoleo mapya yote mpaka la 20 la mwaka 2025 bila kuongeza shilingi.

Gharama iliyojificha ni kompyuta. Programu hii inakula kadi ya michoro. Laptop yangu ya zamani iliweza kukata, lakini nikiweka nodi nne picha inakwama. Kama mashine yako ina RAM ya 8GB na haina kadi ya michoro ya peke yake, weka pesa kwenye mashine kwanza. Na kama unahama na miradi ya zamani, itoe kwa XML, faili ambalo programu nyingine za kuhariri zinaweza kulisoma: mikato inakuja ilivyo, maandishi na madoido mengi hayaji, utayajenga upya.

Toleo jipya likitoka, usilikimbilie. Mradi ukishafunguliwa kwenye toleo jipya haurudi kwenye la zamani. Mimi husubiri niwe sina kazi ya mteja mezani, nanakili maktaba yote ya miradi kwenye diski ya nje, ndipo nasasisha. Kila kazi iliyolipwa naihifadhi kama kumbukumbu kamili ya mradi, ile inayobeba na video zake, diski mbili, moja inalala ofisini na nyingine nyumbani kwa dada yangu.

Mwezi uliopita alinipigia mteja wa harusi ya 2023. Babu yake amefariki, na kwenye video yake hotuba ya babu ilikuwa dakika moja, kwa sababu kamati ilitaka video fupi. Alitaka yote. Nilikwenda kwa dada, nikachomeka diski, mradi ukafunguka na kila nodi mahali pake, na babu yuko pale ameshika maiki kwa mikono miwili, dakika kumi na tisa. Nilisafisha mvumo, nikaurudisha uso wake kwenye mstari, nikarenda. Jioni nilimpelekea mwenyewe kwenye flashi, msibani.