Seti ya karatasi ya Short Empire: mchoro mtamu, vipande havikutani

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kushuka mpaka chini: hii seti naipa nyota mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni kwa ajili ya mchoro wa mkia tu. Ni faili la PDF, unalipia mtandaoni, unadaunlodi, unaenda kuprinti, unakata na kubandika mwenyewe, na mwisho wa siku unatakiwa uwe na Short Empire mezani, ile ndege kubwa ya Waingereza ya kutua majini ya miaka ya 1930, skeli 1:100. Jina la mchoraji nalihifadhi. Ni mtu wa Ulaya ya kati huko, ambako hizi ndege za karatasi ndio nyumbani kwake, Poland na Czech watu wanakua nazo toka watoto, ndio maana niliinunua bila wasiwasi wowote.

Mtu ataniuliza kwanini nisitafute Dash 8 wakati hapa Mwanza ndio tunayoiona kila leo ikija juu ya maji kuelekea uwanjani na mapangaboi yake. Sababu ni ziwa. Watu wengi wa hapa hawajui kwamba tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilipofungua safari ya kila wiki kutoka London kuja huku Afrika, mwisho wa safari ulikuwa Mwanza. Sio Nairobi wala Dar, Mwanza hii hii ya mawe. Huduma ya kufika Cape Town ikaja 1932. Hizi Empire zenyewe ni za baadaye kidogo, ya kwanza iliruka Julai 1936, na kwenye ziwa letu zilikuwa zinatua Kisumu kwa jirani, wakitoka hapo wanashuka Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, wanaenda zao mpaka Durban. Hebu fikiria Lindi inapokea ndege kutoka Uingereza na hakuna haja ya uwanja, inatua tu baharini. Sasa mtu kama mimi niliyekulia Kirumba nikiona kitu kama hicho kinauzwa kwa bei ya kilo ya sato, nitaachaje?

Kuhusu kuprinti niongee kidogo kwa sababu najua kuna atakayesema tatizo ni printa. Nilienda stesheneri moja mjini na flashi yangu, nikamwambia dada wa pale aweke ukubwa halisi asiruhusu kompyuta ijaze ukurasa, karatasi manila nyembamba ya gramu 160. Akaangalia kurasa, akaniuliza, "Kaka, ni mradi wa shule wa mtoto?" nikamwambia hapana dada, wa kwangu mwenyewe, akasema haya, akaendelea kubonyeza. Buku kwa ukurasa. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna mstari wa kupimia wa sentimita 5, nikauwekea rula pale pale kaunta, sentimita 5 kamili. Kwa hiyo skeli iko sawa, na hata mabawa yakikaa unapata karibu sentimita 35 ncha kwa ncha, ndivyo inavyotakiwa kwa sababu ndege yenyewe ilikuwa na mita 34 na ushee. Printa haina kesi hapa.

Kesi ni fremu.

Kwa wasiojua, bodi ya ndege ya karatasi inajengwa na fremu za kadi ngumu ndani (mimi natumia boksi la viatu) halafu unazizungushia ganda la manila lililochorwa madirisha na milango. Unakata ganda, unaliviringisha taratibu kwenye kiganja kwa penseli ya duara mpaka lipate umbo, unabandika ulimi wa kuungia kwa ndani, unafunga, unaingiza fremu. Sasa hii seti, kila fremu ya bodi ni kubwa kuliko ganda lake. Kila moja! Ukilazimisha, ganda halifungi, linabaki na mwanya tumboni wa milimita kama tatu hivi, au likifunga basi linavimba. Mpwa wangu alipita akaona kipande cha kati kimekaa mezani akasema, "Mjomba, mbona ndege ina mimba?" na kwa kweli sikuwa na jibu.

Nikakaa nikapiga hesabu, na nadhani nimejua kilichotokea. Huyu bwana amechora kwenye kompyuta, na kwenye kompyuta karatasi haina unene. Manila ya gramu 160 ina unene wa kama sehemu mbili za kumi za milimita, ule ulimi wa kuungia kwa ndani ni manila hiyo hiyo kwa hiyo unaongeza nyingine, weka na gundi, unakuta nafasi ya ndani imeliwa karibu nusu milimita pande zote. Utasema nusu milimita ni nini bwana. Ni nyingi! Fremu ikizidi nusu milimita kuzunguka, mzunguko wake unazidi milimita 3 na kitu, na haijalishi ni duara au yai, hesabu ni ile ile, na ndio ule mwanya wangu wa tumboni kabisa. Mchoraji anayejenga anachokichora hili analikuta kwenye kipande cha kwanza tu. Maana yake huyu hakujenga. Alichora, akatengeneza picha nzuri ya kompyuta ya kuwekea tangazo, akaweka bei.

Aliyenitoa kwenye shida ni mzee mmoja jirani, fundi wa mitumbwi wa huko Mwaloni, alikuja kuchaji simu kwangu akaniona navuta ganda ili likutane. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye karatasi, akachukua fremu moja akaigeuza geuza. "Hapa mataruma yamezidi," akasema, yaani mbavu za mtumbwi, ndio fremu zangu. "Ukivuta ubao utapasuka. Punguza taruma." Basi, akarudi kwenye simu yake. Nikaanza kupunguza kila fremu kwa msasa laini, nasugua kidogo kidogo huku naijaribisha bila gundi, nasugua tena, mpaka ganda linafunga lenyewe bila kulibana. Usikate kwa mkasi kwa sababu mkasi unaondoa nyingi kwa mara moja na unaacha kona, na zile kona zinajichora nje kwenye ganda, ukiweka kwenye mwanga wa dirishani unaziona zote. Na kabla hujasugua pitisha supa gluu nyembamba kwenye ukingo wa fremu ili kadi isikae nyuzi nyuzi, iache ikauke, hapo msasa unakula vizuri.

Tumboni sasa. Hizi ndege zina kidato chini ya bodi, mahali ambapo tumbo linakatika ghafla linapanda juu. Sio urembo, ndege ikiwa inakimbia juu ya maji ili iruke maji yanaing'ang'ania tumbo, kile kidato ndio kinayaachanisha hewa iingie chini. Sehemu muhimu kuliko zote kwenye ndege ya namna hii, na kwenye seti ndio sehemu mbovu kuliko zote. Kipande cha mbele na cha nyuma vinapokutana pale havilingani upana, kimoja kinaingia ndani ya kingine kama kifuniko cha sufuria ya nyumba nyingine. Nilichofanya, nilikuwa nimeprinti kopi ya akiba ya kurasa za bodi (fanyeni hivyo kwa seti yoyote), nikakata kiraka chembamba cha rangi ile ile nikakiingiza kwa ndani. Ukiishika mkononi unaona kiraka, ukiwa hatua mbili mbali huoni.

Tena hiyo rangi ile ile nimeisema kwa kuhurumia tu. Hizi ndege zilikuwa na rangi ya bati tupu, kwa hiyo seti nzima ni kijivu, na jamaa kaweza kuwa na kijivu cha bodi na kijivu kingine cha mabawa, cha mabawa kinaelekea uwaridi hivi. Nilirudia mabawa kwa printa nyingine, kikatoka kilekile, kwa hiyo imo ndani ya faili. Maandishi ya usajili ubavuni, G-ADHL, yaani Canopus ile ya kwanza kabisa, yanapita juu ya maungio ya vipande viwili, na H nusu yake imepanda juu ya nusu nyingine. Mstari wa madirisha nao ni hivyo hivyo. Hapo hakuna msasa utakaosaidia, unachagua tu unyooshe madirisha au unyooshe herufi. Mimi nilinyoosha madirisha.

Mabawa, ukitoa rangi, yamekaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Kuna mhimili wa ndani unaopita katikati ya bodi unashika bawa la kulia na la kushoto, na maelekezo yanasema uubandike kadi mbili pamoja uwe mgumu, sawa, ila tundu la kupitishia kwenye fremu limechorwa kwa unene wa kadi moja. Unalitanua kwa wembe, dakika moja, unasonga mbele. Maelekezo yenyewe ni ya Kipolandi na picha sita ndogo, nilipiga picha nikapitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu, ikanitolea mambo ya ajabu, sehemu moja iliniambia nibandike tumbo la mjakazi. Michoro inatosha kwa mtu aliyeshawahi kujenga. Ambaye hajawahi, pole.

Injini sasa, na hapa nilichukia kuliko kwenye fremu, japo ni kitu kidogo ambacho mgeni akija sebuleni hawezi kukiona. Short Empire ina injini nne za Bristol Pegasus, zile za silinda zilizopangwa duara kuzunguka ekseli. Pegasus ina silinda tisa. Mchoraji kachora nane. Na sio tu kwamba kakosea idadi, injini ya duara ya safu moja ya namna hiyo huwa inawekwa silinda witiri, tano, saba, tisa, kwa sababu inawasha kwa kuruka moja, ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa, halafu ya pili, ya nne, ya sita, ya nane, inarudi ya kwanza, hivyo inazungukia zote kwa mizunguko miwili bila kugongana. Ukiweka nane ile ruka moja inakwama, inarudi kwenye zile zile. Mtu anayependa ndege kiasi cha kuzichora auze, hili anawezaje asilijue? Nilichora vipande vyangu kwa kalamu nyeusi kwenye duara la saizi ya kitufe cha shati, nikabandika juu ya vyake.

Maboya ya chini ya mabawa yako mawili, na kwenye ukurasa yamechorwa yote ya kushoto. Yote mawili. La kulia nililipata kwa kugeuza picha kwenye kompyuta na kuprinti upya, na urefu wa vijiti vya kuyashikia haujaandikwa popote, nilikadiria kwa kuangalia picha za zamani za ndege yenyewe. Nilitumia vijiti vya meno.

Tahadhari moja ya huku kwetu. Upepo wa ziwa una unyevu, na kipindi cha mvua manila inalegea, ganda ulilofunga jioni likiwa limenyooka asubuhi unalikuta limejikunja mgongoni. Gundi ya mbao ile nyeupe tumia kidogo sana, paka kwa ncha ya kijiti, ikizidi maji yake yanaikunja karatasi na wino wa printa ya kawaida unayeyuka. Ya leza haiyeyuki ila kwenye mikunjo rangi inapasuka inaonyesha weupe, kwa hiyo uwe na kalamu ya rangi ya kijivu karibu. Na kabla ya kukunja pitisha peni iliyoisha wino kwenye mstari, mkunjo unatoka mkali. Mabaki yanayongoja kujengwa nayaweka ndani ya kitabu kizito, kitabu ndani ya begi la nailoni.

Mazuri yapo, nisiwe mchoyo. Mkia umechorwa na mtu mwenye macho, mistari ya mabati, misumari, yaani unaona kabisa bati, na umefunga bila kuguswa na msasa hata kidogo, ndio inaniuma, maana inaonyesha uwezo anao. Umbo la jumla pia ni lenyewe, lile bodi refu kwenda juu na pua ya butu, nikiiweka juu ya friji mtu anajua ni Empire. Mpwa wangu sasa anataka aijaribishe kwenye beseni. Nimemkatalia.

Ukiwa unaanza, usiinunue. Tafuta seti yenye picha za ndege iliyojengwa kwa karatasi kweli, zenye kucha za mtu na gundi iliyomwagika. Kama tangazo zima ni picha za kompyuta, shtuka. Ukiwa mzoefu na unaipenda hii ndege, chukua, ila ujue nusu ya kazi utamfanyia mchoraji.

Nilimwandikia kwa Kiingereza cha adabu nikamwelezea fremu, silinda na maboya, na picha nikamtumia. Alijibu haraka, alishukuru, akanitumia faili jipya bure. Fremu kweli kazipunguza. Silinda bado nane, maboya bado yote ya kushoto. Vipimo vya kila nilichopunguza na urefu wa vile vijiti nimeviandika kwa penseli kwenye kopi yangu ya akiba, aliyeinunua na amekwama aniulize nitampa.