Uzoefu wangu: miezi minne soba hausi Tanga, na nilichokikosa siku ya kutoka

Nimevuta unga, yaani heroini, miaka tisa, na hapa Ngamiani wengi wanajua. Mwaka juzi kaka yangu alijikamua, akawa analipa laki mbili na nusu kwa mwezi, nikaingia soba hausi moja, nyumba ambamo mateja wanakaa ili waache, hapa hapa Tanga. Jina lake sitalitaja. Naandika kwa sababu najua kuna mzazi anayesoma hapa na hajui ampeleke wapi mwanawe.

Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilinianza usiku wa kwanza, hata saa kumi hazijapita tangu kete ya mwisho. Miayo, machozi, kamasi, kisha tumbo likaachia na mifupa ikawa kama inasagwa. Siku ya pili na ya tatu nilitafuta pa kurukia ukuta. Aliyenishika hakuwa daktari, ni mlezi wa zamu ambaye naye alikuwa teja zamani. Alikesha nami hadi adhana ya alfajiri, ananikanda miguu kwa maji ya moto, ananinywesha uji kijiko kwa kijiko. Hakunihubiria. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, hii ina mwisho. Mimi iliniachia siku ya saba." Kwa usiku ule peke yake, ile nyumba nitaishukuru mpaka naingia kaburini.

Baada ya hapo siku zikafanana: usafi, kikao cha asubuhi, zile hatua kumi na mbili za kuacha ulevi, ugali, kulala. Nikanenepa.

Kosa lao lilikuwa siku ya kutoka. Nilipewa mkoba na simu yangu, basi. Hakuna aliyekaa na mama na kaka, hakuna aliyeniuliza nitalala wapi wala nitafanya kazi gani. Nikarudi barabara ile ile, kijiwe kile kile. Siku ya kumi na moja nikavuta. Na hili hawakuniambia: mwili uliokaa miezi bila unga hauhimili tena kiasi ulichokizoea. Kete ya kawaida yangu ikanizimisha. Nilizindukia hospitali, mama amenishika mkono.

Kule soba hausi tulikuwa tumeambiwa methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa mateja badala ya heroini, ni unga mwingine, tusiiguse. Sikubaliani nao hata kidogo. Ni kweli ni jamii moja na heroini, lakini inakaa mwilini siku nzima, na dozi ikipangwa vizuri huna arosto wala huna ulevi, una akili zako. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, kwa muda mrefu ikawa dawa ya watu wa Dar. Sasa naipata hospitali ya Bombo hapa Tanga, bila kulipa. Nakunywa mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Inachosha, sikatai. Kuna jasho, na choo kinakuwa kigumu, kunywa maji mengi. Ila walinipima pia kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, kitu ambacho kule hakikufanyika.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujatoa hela uliza mawili: mwanangu akitoka mtamfuatilia vipi, na akihitaji methadoni mtamruhusu? Wakikukwepa, tafuta nyumba nyingine.

Mimi nina mwaka na miezi mitatu sijavuta. Nikishakunywa dawa nateremka Deep Sea, nauza samaki na kaka.